Kugawana mbio (futiboli ya Marekani)

Kugawana mbio katika futiboli ya Marekani ni mtindo wa timu kuwatumia wakimbiaji wawili au zaidi katika mechi moja badala ya kumtegemea mmoja tu. Kundi la wakimbiaji hao huitwa kamati ya wakimbiaji. Mara nyingi kamati huwa na mkongwe mmoja aliyekwisha kucheza misimu kadhaa, pamoja na kijana mwenye kasi zaidi.

Mtindo huu ni wa kawaida katika NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani yenye timu 32. Unawahusu pia washiriki wa futiboli ya fantasi, yaani mchezo ambao mashabiki huunda vikosi vya kubuni na kupata pointi kutokana na takwimu za wachezaji halisi. Mshiriki mwenye mkongwe wa aina hii hukabiliwa na swali lile lile kila wiki: ampange, au amwache benchi? Jibu halipatikani kwa kutazama jina la mchezaji wala jumla ya yadi zake. Hutegemea zaidi kazi ambayo kocha amempa ndani ya kamati.

## Kazi za mkimbiaji

Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, ambazo ni kama mita 9. Ikifaulu hupata majaribio mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Uwanja una yadi 100 kutoka mstari mmoja wa goli hadi mwingine. Katika kila jaribio kiongozi wa mashambulizi, anayeitwa kwotabeki, kwa kawaida humkabidhi mkimbiaji mpira mkononi au hurusha pasi. Mchezaji akivusha mpira mstari wa goli la wapinzani huwa amepata tachidauni, ambayo ina thamani ya pointi 6.

Kazi ya mkimbiaji inaweza kugawanywa katika sehemu tatu:

* Mbio za kawaida. Hizi hutokea zaidi katika jaribio la kwanza na la pili. Mkimbiaji hupenya katikati ya walinzi na kupata yadi tatu, nne au tano kwa wakati. Ni kazi yenye migongano mingi.
* Majaribio ya pasi. Katika jaribio la tatu, hasa yadi zilizobaki zikiwa nyingi, timu hupendelea kurusha. Mkimbiaji hapa hutakiwa kumkinga kwotabeki dhidi ya wapinzani au kutoka pembeni ili adake pasi fupi.
* Mstari wa goli. Timu ikibakiwa na yadi chache kufika golini, huhitaji mtu mwenye nguvu anayeweza kusukuma rundo la watu kwa hatua moja au mbili.

Wachezaji wachache humudu sehemu zote tatu kwa kiwango cha juu. Ndiyo maana makocha wengi huona ni bora kuzigawa.

## Historia

Kugawana mbio si jambo jipya. Miami Dolphins ya mwaka 1972, timu pekee ya NFL iliyomaliza msimu mzima hadi ubingwa bila kupoteza mechi wala kutoka sare, ilikuwa na wakimbiaji watatu. Larry Csonka alipasua katikati kwa nguvu, Mercury Morris alikimbilia pembeni kwa kasi, na Jim Kiick aliaminika kwa kudaka na kukinga. Csonka alipata yadi 1,117 na Morris yadi 1,000 kamili. Awali Morris alikuwa ameandikiwa yadi 991, lakini tukio moja lilipitiwa upya baada ya msimu na akarudishiwa yadi 9. Kwa hiyo wawili hao wakawa wa kwanza wa timu moja kufikisha yadi 1,000 katika msimu mmoja.

Hata hivyo, kwa miongo mingi iliyofuata timu nyingi zilipendelea mkimbiaji mmoja aliyebeba mpira mara nyingi kwa msimu. Mgawanyo ulienea zaidi kuanzia miaka ya 2000, pasi zilipozidi kutawala mchezo. Mwaka 2008 New York Giants walikuwa na Brandon Jacobs na Derrick Ward, ambao kila mmoja alivuka yadi 1,000. Mwaka 2009 DeAngelo Williams na Jonathan Stewart wa Carolina Panthers wakawa jozi ya kwanza ambayo kila mmoja alivuka yadi 1,100 katika timu moja.

Mfano maarufu wa mkongwe katika kamati ni Jerome Bettis wa Pittsburgh Steelers. Katika msimu wa 2005, ambao ulikuwa wa mwisho kwake, kijana Willie Parker alikimbia yadi 1,202 na Bettis akapata yadi 368 tu. Lakini Bettis alifunga tachidauni 9 kwa mbio na Parker 4, kwa kuwa mpira ulipokaribia goli kocha alimwita mkongwe. Februari 2006 Steelers walitwaa ubingwa jijini Detroit, mji alikozaliwa Bettis, naye akastaafu.

## Sababu za timu kugawana mbio

Sababu ya kwanza ni mwili. Mkimbiaji huangushwa karibu kila anapopokea mpira, mara nyingi na watu wenye uzito unaozidi wake. Kwa kawaida uwezo wa wakimbiaji huanza kupungua wanapokaribia miaka 30, mapema kuliko wa kwotabeki. Kupunguza idadi ya migongano humsaidia mchezaji kufika mwisho wa msimu, ambao tangu mwaka 2021 una mechi 17 kwa kila timu katika wiki 18.

Sababu ya pili ni mbinu. Wapinzani hupata taabu kujiandaa kwa wachezaji wawili wenye tabia tofauti. Mlinzi aliyechoka kumkabili mtu mzito kwa robo tatu za mechi hupata shida akiletewa kijana mwepesi katika robo ya nne.

Sababu ya tatu ni fedha. Vijana wanaotoka vyuoni hulipwa kwa mikataba ya kiwango kilichopangwa, hivyo ni rahisi kwa timu kumwongeza kijana kando ya mkongwe kuliko kumlipa mkongwe kama nyota wa pekee.

Wapo wasiofuata kanuni hii. Derrick Henry alikimbia yadi 1,921 akiwa na Baltimore Ravens katika msimu wa 2024, akiwa na umri wa miaka 30. Lakini wachezaji wa namna yake ni wachache.

## Futiboli ya fantasi na hesabu ya pointi

Futiboli ya fantasi ilibuniwa mwaka 1962 na Bill Winkenbach, mmoja wa wamiliki wa Oakland Raiders, akishirikiana na wenzake wakati wa safari ya timu hiyo mashariki mwa Marekani. Ligi yao ya kwanza ilianza mwaka 1963 mjini Oakland. Zamani washiriki walikokotoa pointi kwa kalamu na magazeti. Intaneti ndiyo iliyoueneza mchezo huu kwa mamilioni ya watu. Wazo lake linafanana na la Fantasy Premier League, ambayo ina washiriki wengi Kenya na Tanzania. Tofauti kubwa ni kwamba katika ligi nyingi za futiboli ya fantasi mchezaji mmoja humilikiwa na mshiriki mmoja tu, na washiriki hupambana wawili wawili kila wiki.

Kwa mkimbiaji, kanuni zinazotumika sana ni hizi:

* yadi 10 za kukimbia: pointi 1
* yadi 10 baada ya kudaka pasi: pointi 1
* tachidauni ya mbio au ya pasi iliyodakwa: pointi 6
* kuangusha mpira ukachukuliwa na wapinzani: kupunguziwa pointi 2
* kila pasi iliyodakwa: pointi 1, nusu pointi au bila pointi, kulingana na ligi

Kanuni ya mwisho ndiyo inayobadilisha sana thamani ya mkongwe. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkongwe amebeba mpira mara 14 akapata yadi 52, bila kudaka pasi wala kufunga: ana pointi 5.2. Kijana mwenzake amebeba mara 8 kwa yadi 38, akadaka pasi 5 kwa yadi 41: ana pointi 7.9, na katika ligi inayotoa pointi 1 kwa kila pasi atakuwa na 12.9. Mkongwe amefanya kazi kubwa zaidi uwanjani, lakini kijana amepata pointi nyingi zaidi.

Sasa mkongwe huyo akabidhiwe mpira kwenye yadi 1 na afunge. Mbio hiyo moja humpa pointi 6.1, sawa na yadi 61 za kawaida. Mfano halisi ni mechi ya kwanza ya Bettis mwaka 2004 dhidi ya Oakland Raiders. Alibeba mpira mara 5, akapata jumla ya yadi 1, na akafunga tachidauni 3. Kwa kanuni zilizo hapo juu hizo ni pointi 18.1.

## Kumtathmini mkongwe kwa wiki

Tathmini ya wiki hujaribu kukadiria nafasi ngapi mchezaji atapata na nafasi hizo ni za aina gani. Mambo yanayotazamwa ni haya:

1. Idadi ya nafasi. Hujumlishwa mara alizobeba mpira na pasi alizoelekezewa katika mechi tatu au nne zilizopita. Wastani wa yadi kwa kila mbio huyumba sana kutoka wiki hadi wiki kwa sababu mbio moja ndefu huweza kuupandisha. Idadi ya nafasi huonyesha imani ya kocha, nayo hubadilika polepole zaidi.
2. Nani hubaki uwanjani karibu na goli. Mkongwe mwenye kazi hii anaweza kupangwa hata kama yadi zake ni chache. Asipokuwa nayo, na kama hadaki pasi, hana njia nyingi za kupata pointi.
3. Mwelekeo wa mechi. Timu inayoongoza hukimbia zaidi, kwani mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja saa huendelea kutembea, ilhali pasi isiyodakwa huisimamisha. Timu iliyo nyuma hurusha pasi. Kwa hiyo mkongwe wa mbio za kawaida hufaa zaidi timu yake inapotarajiwa kushinda, na mdakaji wa pasi huhimili zaidi timu inapotarajiwa kushindwa.
4. Walinzi wa mstari wa mbele. Mkimbiaji huhitaji njia. Mlinzi mmoja muhimu akikosekana, mbio huweza kuathirika.
5. Ripoti ya majeruhi. Timu hutangaza hali za wachezaji katika siku za mazoezi kabla ya mechi, na orodha ya wasiocheza hutolewa dakika 90 kabla ya mechi kuanza. Mmoja wa kamati akikosekana, mwenzake huweza kupata kazi yote kwa wiki moja au mbili.

Jambo la tano lina uzito wa pekee. Mkongwe ambaye kwa kawaida hastahili kupangwa huweza kuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa wiki siku ambayo kijana wake ni mgonjwa. Kwa sababu hiyo washiriki wazoefu humweka benchi badala ya kumwacha kabisa, hasa ikiwa wanammiliki pia kijana anayegawana naye.

## Mfano wa Detroit Lions, 2022 na 2023

Detroit Lions chini ya kocha Dan Campbell ni mfano unaoonyesha wazi tofauti kati ya mchezaji na kazi yake.

Mwaka 2022 kamati yao iliundwa na Jamaal Williams, aliyekuwa katika msimu wake wa sita, na D'Andre Swift. Swift alikuwa hatari zaidi kwa kila mbio: alibeba mara 99 kwa yadi 542, wastani wa karibu yadi 5.5. Williams alibeba mara 262 kwa yadi 1,066, wastani wa yadi 4.1. Lakini Williams ndiye aliyepewa mpira karibu na goli, akafunga tachidauni 17 kwa mbio. Hakuna aliyemfikia katika ligi nzima msimu huo, na alivunja rekodi ya klabu iliyowekwa na Barry Sanders mwaka 1991, ambayo ilikuwa tachidauni 16.

Msimu uliofuata Williams alihamia New Orleans Saints. Huko alibeba mara 106 kwa yadi 306 na akafunga mara 1 tu. Aliyemchagua kwa kuangalia tachidauni 17 za mwaka uliotangulia alikuwa amenunua kazi ambayo mchezaji hakuondoka nayo.

Kazi yenyewe ilibaki Detroit. Lions walimsajili David Montgomery kutoka Chicago Bears na kumchagua kijana Jahmyr Gibbs katika nafasi ya 12 ya uteuzi wa wachezaji wapya. Swift alipelekwa Philadelphia Eagles. Takwimu za jozi mpya katika msimu wa kawaida wa 2023 zilikuwa hivi:

| | Montgomery | Gibbs |
|---|---|---|
| Mechi | 14 | 15 |
| Mara alizobeba mpira | 219 | 182 |
| Yadi za mbio | 1,015 | 945 |
| Tachidauni za mbio | 13 | 10 |
| Pasi alizodaka | 16 | 52 |

Tukiweka kando adhabu za mipira iliyopotezwa, katika ligi isiyotoa pointi kwa pasi Montgomery alipata takriban pointi 191 na Gibbs 192. Kwa kila mechi mkongwe alikuwa mbele kidogo. Katika ligi inayotoa pointi 1 kwa kila pasi, Gibbs alifika takriban 244 na Montgomery 207. Wachezaji ni wale wale na mechi ni zile zile. Kilichobadilika ni kanuni za ligi. Kwa hiyo mshiriki anayesoma ushauri wa wiki hana budi kujua kwanza ushauri huo umeandikwa kwa kanuni zipi.

Majeraha nayo yalionekana. Montgomery alipokosa mechi ya wiki ya 8 dhidi ya Las Vegas Raiders, Gibbs alibeba mpira mara 26 na kupata yadi 152. Montgomery aliporejea katika wiki ya 10 dhidi ya Los Angeles Chargers, alipata yadi 116 na tachidauni moja, huku Gibbs akifunga mbili. Kamati nzuri katika timu inayofunga sana inaweza kuwalisha wote wawili.

## Yadi nyingi bila pointi

Mfano wa upande wa pili ni Frank Gore, aliyecheza misimu 16 (2005–2020) na kumaliza akiwa na yadi 16,000 kamili za mbio, wa tatu katika historia ya NFL nyuma ya Emmitt Smith na Walter Payton. Mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 35, aligawana mbio na Kenyan Drake katika Miami Dolphins. Gore alibeba mara 156 kwa yadi 722, wastani mzuri wa yadi 4.6, lakini hakufunga tachidauni hata moja ya mbio. Drake alibeba mara 120 tu kwa yadi 535, akadaka pasi 53 na kufunga jumla ya tachidauni 9.

Kwa timu, Gore alikuwa wa manufaa: alisogeza mpira na kuwapumzisha wengine. Kwa fantasi alikuwa mchezaji wa kupangwa tu wenzake wanapokuwa katika wiki ya mapumziko au majeruhi. Alama ndogo za fantasi si ushahidi kwamba mchezaji amefanya kazi mbaya.

## Athari kwa wachezaji

Kugawana mbio kunaweza kurefusha maisha ya mchezaji uwanjani, lakini pia hupunguza takwimu anazoziweka mezani anapodai mkataba mpya. Suala hili lilijitokeza Julai 2023, pale Saquon Barkley, Josh Jacobs na Tony Pollard waliposhindwa kupata mikataba ya muda mrefu kabla ya tarehe ya mwisho. Kiwango cha mwaka mmoja ambacho timu iliweza kumzuia nacho mkimbiaji kilikuwa takriban dola milioni 10.1, cha kwotabeki kilizidi dola milioni 32. Siku chache baadaye wakimbiaji kadhaa, wakiratibiwa na Austin Ekeler, walikutana kwa njia ya video kujadili hali yao.

Barkley alihamia Philadelphia Eagles mwaka 2024. Huko alibeba mpira mara 345, akafikisha yadi 2,005 na kutwaa ubingwa Februari 2025. Eagles walimpumzisha katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, ingawa alihitaji yadi 101 tu kuvunja rekodi ya Eric Dickerson ya mwaka 1984. Timu iliona afya ya miguu yake kwa mechi za mtoano ni muhimu kuliko rekodi. Hesabu hiyo hiyo, ya kuutunza mwili dhidi ya kuutumia, ndiyo anayoifanya kocha wa kamati kila wiki anapoamua nani abebe mpira na mara ngapi.

## Tazama pia

* Futiboli ya Marekani
* National Football League
* Kwotabeki
* Super Bowl
* Frank Gore
* Jerome Bettis